Matanga ya Teofili

Mchombe,
3 Agosti 2014

Mwanangu Wendelin,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, mpunga umeshatoka shambani, nimebaki na kupepeta na mgongo unaouma upande mmoja, basi namshukuru Mungu kwa ule upande mwingine. Wewe je, unakula? Kile kikohozi cha vumbi la mashine kimekwisha?

Utasema mama si upige simu. Simu mpaka nipande kichuguu cha kwa Agnetha kutafuta mtandao, jirani wote wananisikiliza, na ukishakata maneno yamekwenda. Barua nitairudia jikoni nikingoja maharage. Mimi niliishia darasa la nne, ukiona mistari inapanda juu kama kuku anayekwenda kulala, usicheke.

Nimesikia umeacha kazi kwenye mashine ya kukoboa. Nimesikia umepanga chumba hapo Ifakara, mlangoni umeandika Kivuko Filamu, na wewe na Teofili mnatengeneza picha za kuigiza. Haya kaniambia Agnetha, mama yake Teofili, nami nikajifanya nilikuwa najua. Usinifanye nijifanye tena mwanangu, inachosha.

Sikukatazi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukitundika khanga yangu, unaweka kibatari nyuma, unatuchezea vivuli vya mikono mpaka babu yako anapaliwa kwa kicheko. Ninauliza kimoja tu: hizo picha zinamlisha mtu, au zinamla?

Mama yako anayekuwaza


Ifakara,
12 Agosti 2014

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, nakula, mpaka Viktor wa kamera analalamika kwamba namalizia mboga.

Nisamehe kwa kutokuambia. Nilitaka kwanza niwe na kitu cha kukuonyesha. Mama, huku kwenye vibanda vya video watu wanatazama picha za kila nchi, hakuna hata moja yenye mpunga ndani yake, hakuna anayeongea kama sisi. Sasa itakuwepo. Inaitwa Hermenegildi Hajafa. Jamaa mmoja anajifanya amekufa ili ajue nani anampenda na nani anangojea shamba lake. Hermenegildi ndiye Teofili. Ukimwona utashika nguzo kwa kucheka.

Nina ombi. Nipe uwanja wako tupige msiba, na uniitie kina mama wa jumuiya. Jeneza tumeazima kwa fundi. Wala msiigize. Lieni kama mnavyolia siku zote.

Mwanao Wendelin


Mchombe,
7 Septemba 2014

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na nitakuambia kwa nini.

Ulisema tulie kama tunavyolia. Mwanangu, sisi hatujui kulia kwa namna mbili. Mlitaka tumwite Hermenegildi, tukaita, ikawa aibu tupu: Balbina anacheka ndani ya khanga, Scolastica anauliza kwa sauti, "Huyo Hermenegildi ni wa ukoo gani?" Jua linashuka, wewe umeshika kiuno, Viktor anasema mwanga unaisha. Nikakuonea huruma. Nikamtazama yule kijana mle jenezani na pamba puani, nikamwona Teofili niliyemlisha uji na wewe bakuli moja, mara yakanitoka: Teofili, Teofili mwanangu, umemwachia nani mama yako! Wakadaka wote. Uwanja ukawa msiba. Watu wa barabara ya Mlimba walishuka kwenye baiskeli wakatoa rambirambi. Wewe ulikuwa unaruka kwa furaha, nilikuona.

Lakini Agnetha aliinuka mkekani, akaenda kwake.

Kisha mkafunga jeneza, mkalipakia kwenye pikapu na Teofili humo humo, mkaondoka. Nilidhani atashuka njia panda aje anywe uji. Balbina ndiye aliyenieleza kwamba kule kufufuka mtakupiga Ifakara, chumbani, siku nyingine. Basi kwenye picha yenu ataamka, ila kwenye uwanja wangu hakuamka. Alitoka hapa maiti.

Wendelin, tumetandika matanga na hatujayaanua. Unajua kwetu: aliyeita msiba ndiye anayeuanua. Anapika, watu wanakula, jina la marehemu linaitwa, ndugu wa kulirithi anaitika, watu wanatawanyika. Huyu yupo, ataitika mwenyewe. Njoo naye Jumapili yoyote. Mchele ninao, jogoo ninaye. Ni kazi ya kula tu na kucheka.

Mama yako


Ifakara,
20 Desemba 2014

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na Noeli njema.

Mama, kile kilio! Viktor alisema kukifuta ni dhambi. Na kwa kuwa nyote mmeita Teofili, tukabadilisha jina la mtu na la picha, tukarudia vipande vyote vya mwanzo. Sasa inaitwa Teofili Hajafa. Mlimba walijaa mpaka wakatoboa turubai la kibanda. Mabasi ya huko kwenu yanaiweka njia nzima, abiria wakifika hawashuki mpaka aamke. Tumeongeza chumba cha pili, vijana wanagonga mlango wanataka kuigiza.

Teofili hapiti sokoni bila kutaniwa. Wanamwita Marehemu. "Shikamoo Marehemu, huko ulikotoka mvua zipo?" Juzi kataka nyanya kwa mkopo, mama muuzaji akamwambia marehemu hakopeshwi, soko zima likaanguka kwa kicheko.

Ile habari ya kuanua nimeisoma. Kwa sasa sina hata nafasi ya kunyoa. Baada ya Pasaka nitakuja, naahidi.

Mwanao mtengeneza picha,
Wendelin


Mchombe,
19 Aprili 2015

Mwanangu Wendelin,

Kristo amefufuka. Afya yangu nzuri, mvua nyingi, njia ya shambani ni maji matupu. Wewe hujambo? Pasaka imepita. Yule jogoo nilimfunga mguu tangu Ijumaa Kuu, mpaka Jumatano nikamfungua, akanitazama kama anayeniuliza swali.

Picha yako nimeiona kwa yule wa kibanda hapa kwetu. Nilijifunika uso nikachungulia kwa jicho moja. Mwanangu, ni nzuri. Nyumba yangu ni nzuri kuliko nilivyodhani. Nilitaka kumwambia kila mtu huyu nimemzaa mimi, na nilimwambia kila mtu.

Lakini nisikilize. Lile jina la Marehemu lilianza kwa kucheka, siku hizi hawacheki. Teofili akikaa kwenye benchi, watu wanasogea. Unajua alishapeleka posa Mkula, kwa yule binti Eveline. Wazee wa Eveline wameirudisha. Wamesema, "Hatumchukii kijana. Ila binti yetu hatumwozi kwa mtu aliyekwisha kuliliwa kwa jina lake na kubebwa." Wakwe watarajiwa ndio hao.

Nilikwenda kwa padre. Akasema mama, hakuna kitu hapo. Nikamwambia baba, kama hakuna kitu, basi hata kuanua hakutaumiza kitu. Akasema haya, siku hiyo nami nitakuja kula.

Agnetha haji tena kuniomba chumvi. Ananunua ya dukani, ananipita nayo mkononi ili nione. Njoo mwanangu. Siyo kwa ajili yangu.

Mama yako


Ifakara,
2 Novemba 2015

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka hasira zikufikie wewe. Teofili amekataa kuigiza. Tumepiga picha ya pili bila yeye, na waigizaji kutoka Morogoro. Kwenye kibanda watu waliinuka kabla haijafika katikati. Wanauliza Marehemu yuko wapi. Ile ya kwanza nayo vijana wanarushiana kwenye simu bure, hakuna anayenunua tena. Tukienda kijijini kuomba uwanja, kina mama wanauliza kwanza, "Mtaanua?" Hata tukitaka kupiga harusi! Hakuna anayekubali kulala kitandani aigize mgonjwa wa mafua.

Mama, unafikiri sitaki kuja? Nikija kuchinja jogoo na kumwita Teofili mbele ya watu, nitakuwa nimekiri kwamba nilimuua. Na mimi sikuua mtu. Nilitengeneza picha. Ni kitu pekee nilichowahi kukifanya kikatoka vizuri, nanyi mnataka nikiombee msamaha.

Wendelin, mwanao


Mchombe,
12 Juni 2016

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, siyo kwa mazoea. Hujambo?

Barua yangu ya Noeli na ile ya Pasaka kondakta wa basi kanirudishia, anasema pale chumba kimefungwa. Nikasema labda mko safarini na kamera. Juzi Balbina kapeleka mchele Ifakara, kapita. Anasema mlangoni pamepakwa rangi ya waridi, wanasuka nywele, ila jua likipiga, neno Kivuko bado linaonekana chini ya rangi. Aliuliza, wakamwambia hawajui. Alipokuwa ananieleza nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua, mpaka akaniambia Mama Wendelin, huo umeshauchambua.

Mwanangu, hakuna aliyesema umeua. Kuanua siyo kuomba msamaha. Msiba wa kweli nao unaanuliwa, na hakuna anayeuliza nani kaua. Ni kuwaambia watu sasa basi, rudini majumbani. Nadhani hata wewe hujarudi nyumbani tangu siku ile.

Teofili amenilimia ule upande wa majaruba ya chini. Sikumtuma. Alipomaliza akauliza, "Wendelin hajambo?" Nikajifanya najua. Nikasema hajambo.

Mama yako


Dar es Salaam,
15 Januari 2017

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa mtu. Mimi mzima.

Studio imekwisha. Viktor kaenda na kamera yake, tumeachana kwa amani. Mimi niko Mbagala kwa mpiga picha za harusi, nashika taa. Kazi siyo mbaya. Watu wa harusi hawaulizi kitu.

Nitakuja nikiwa na kitu mkononi. Usimwambie Teofili niko wapi.

Wendelin


Mchombe,
26 Agosti 2018

Mwanangu Wendelin,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mgongo sasa unauma pande zote mbili, kwa hiyo hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Umekaa kimya muda mrefu. Sikugombi. Nataka nikusimulie jambo, kaa mahali usome taratibu.

Agnetha alikuja mwenyewe. Alisimama hapo kwenye kinu, akasema, "Mama Wendelin, nipe chumvi." Nikampa. Hakuondoka. Akasema, "Tusimngoje tena. Tutakufa sisi, tena kwa kweli, na haya matanga yako palepale." Nikamwambia aliyeyatandika hayupo. Akasema, "Aliyeanza kulia yupo." Ni kweli, nilikuwa mimi.

Basi Jumapili iliyopita tukaanua. Nimepika mimi kwa nafasi yako. Jogoo yule wa Pasaka alishazeeka, nikachinja mwanawe. Walikuja wote waliolia siku ile, Balbina, Scolastica, na padre akaja kula kama alivyosema. Hapakuwa na kamera. Teofili tulimkalisha katikati ya uwanja pale pale lilipokuwa jeneza, kavaa shati jeupe.

Agnetha ndiye aliyeita. "Teofili!" Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya, anatazama chini. Nikajiona nimemlilia mtoto wa watu kweli. Akaita ya tatu, sauti imepasuka. Akainua kichwa.

"Naam, mama. Nipo. Ila kama huo ndio wali wangu unaonukia, umeungua."

Wendelin, uwanja ulilipuka. Agnetha alicheka mpaka akakaa chini, akalia humo humo. Na kweli wali ulikuwa umeungua, nilikuwa nimeusahau. Tulikula hivyo hivyo. Eveline alishaolewa Mlimba, hilo haliwezi kuanuliwa. Lakini watu walikaa naye benchi moja, wakamsukuma bega, wakamwita jina lake.

Watu walipokuwa wananawa, likanitoka. Nikaita, "Wendelin!" Sikupanga. Labda mdomo ulikuwa umeshaamka kuita. Teofili akageuka kutazama barabarani. Sikuita tena, niliogopa. Balbina akafungua mdomo, nikajua anataka kuangua kilio, nikamziba kwa kiganja changu chenye mafuta. Nikamwambia huyu hatujamlilia na hatutamlilia, mwache. Nikakunja mkeka.

Hapo ndipo Teofili akaniuliza uko wapi, na mara hii sikujifanya. Nilimwambia Mbagala, kwa mpiga picha za harusi. Nisamehe kwa hilo. Ukitaka kunigomba, njoo unigombe hapa uwanjani.

Barua hii kaibeba Teofili mwenyewe. Hakuna deni analodai, amekuja kukuchukua tu. Mtazame vizuri, mshike mkono, uone una joto. Sitaki uje na kitu mkononi.

Hatapiga hodi, barua atampa mtu akuletee ndani. Nimemwambia asimame nje akuite kwa jina mara tatu, kama tulivyofanya huku.

Usingoje ya tatu.

Mama yako