Kilemba cha Mjomba na Pedi Mbili

Jumapili, 4 Mei 2025

Chamazi nzima ingekuwa bado inacheza bao kama si mie Kondo. Gemu ya TV huku Temeke niliileta mie – ile ya kaseti, mwaka tisini na nne. Watu walitoka Kimbiji kuja kushangaa! Marehemu mama alikuwa anachelewesha futari mpaka raundi iishe. Bila mie picha ilikuwa haitulii. Zikaja pleisteshen, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote sebuleni kwa dada Chausiku, zote nikazitawala. Dada anaangalia pembeni. Sasa ipo ya nne, kainunua binti yake, Lulu, kwa mshahara wake. Mashine zinabadilika, bingwa yule yule.

Leo imeletwa posa ya Lulu. Kijana anaitwa Twalib, ana fremu ya kuuzia simu Mwenge. Mshenga akauliza kilemba cha mjomba ni shilingi ngapi. Sie Wazaramo, mjomba asiporidhika ndoa hakuna. Nikasema: hela sitaki. Kijana anishinde gemu ya mpira, aoe. Akishindwa, arudi kwao na posa yake.

Dada kanikata jicho. Lulu kainama, mabega yanamtikisika. Nadhani analia. Au anacheka.

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi na Lulu. Kanifunga tisa bila. Nilimwachia, mtoto wa kike, asiingie kwenye ndoa na kinyongo.

Kaniuliza, "Mjomba, mbona kipa wako ndo anatembea na mpira?" Nikamwambia huo ni mfumo. Wa zamani, watoto wa simu hawaujui.

Dada katoka jikoni na mwiko. "Kondo, mwanangu ana miaka thelathini na moja. Ukinivurugia hii ndoa, chai yangu usiinywe tena."

Wanawake na michezo wapi na wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Makubwa! Kanipigia simu Mzee Mwishehe, baba mkubwa wa Twalib, toka Kimbiji. Anasema kijana wao kalelewa. Mkwe hafungwi goli. Hata kwenye gemu, hata kwenye ndoto. Kampiga marufuku.

Nikamwambia asiponishinda haoi.

"Basi tutakosa mke, bwana Kondo. Adabu hatukosi." Akakata.

Mzee wa ovyo. Ila kauli yake nimekaa nayo mchana kutwa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandikia chumbani kwa dada. Nimewaaga naenda kuswali Alasiri. Nimeswali. Kitambo.

Sebule imejaa, wengine wako dirishani. Twalib kaja na kanzu, shikamoo tatu, pedi ya gemu kaipokea kwa mikono miwili kama anapokea msahafu. Mechi ya kwanza, bila bila. Kila akifika golini kwangu anapiga nje, mpira unaenda mbinguni. Mie golini kwake sifiki. Kwa makusudi! Mechi ya pili, bila bila. Ya tatu vilevile. Mzee Mwishehe anatikisa kichwa kwa raha: mnaona adabu hiyo? Kijana jasho linamtoka, kanzu imemganda mgongoni.

Dada akapiga kelele, "Jamani, mmoja afunge! Pilau linapoa!"

Mzee Mwishehe akasema ya nne ndo ya mwisho. Ikiisha bila bila wanaondoka, posa wanabeba. Wana safari.

Lulu akaniletea maji. Hacheki tena. Kainama sikioni kwangu: "Mjomba, jifunge. Piga golini kwako mwenyewe. Hapo yeye hajakufunga, na ameshinda. Nakuomba mjomba wangu."

Maji yamenimwagikia suruali.

Bingwa wa Temeke ajifunge! Mbele ya watu! Watanicheka mpaka kaburini.

Sawa. Nimekubali. Nimewaza kwenye sijda nikakubali. Mpwa wangu ni huyo huyo mmoja.

Ila ishu iko hapa. Pedi ina vitufe kibao, na mie cha kupigia mpira sikijui. Lulu siwezi kumuuliza, nilishamwambia ni mfumo.

Dada anagonga mlango. "Kondo, watu wanavaa viatu!" Yeye anakijua. Gemu zote hizo, toka ile ya kaseti, aliyekuwa anacheza ni yeye.

Mie nilikuwa nashika antena.