Bibi Harusi Asiye na Neno Ukurasa wa Mwisho

Rahaleo, Jumatano. Mvua imekatika tangu adhuhuri, joto halijakatika, na akili yangu yote iko kwenye tamthilia.

Ni komedi ya zamani ya Ulaya, nimeiokota kwenye kabati la shule ninapofundisha. Nataka kuifasiri ili akina mama wa darasa la watu wazima waiigize. Inavunja mbavu kweli. Kuna msichana humo, mdomo wake cherehani. Baba akisema moja, yeye mawili. Mchumba akijitia mjuzi, anamkata maneno mpaka mtumishi anajificha nyuma ya mlango kucheka. Nimempenda kama ndugu yangu.

Leo nimefika mwisho. Baba anamkabidhi kwa mchumba, watu wanacheza, pazia linafungwa. Nikarudi nyuma kumtafuta. Tangu alipokabidhiwa, hana neno hata moja.

Wamemnyamazisha!

Nilikasirika hasa. Nikatoka uani kumsimulia bibi yangu, aliyekuwa anamenya muhogo. Akacheka.

"Kwani we mke mwenzangu hujui? Mwali akinyamaza, kakubali."

Hilo sikulifikiria. Maana kwetu ndivyo. Siku ya nikahi mwali huulizwa huko ndani, na akiinama kimya, wanaume barazani huambiwa ameridhia. Je, yule msichana naye aliridhia, au mwandishi alichoka naye tu? Nimeusoma ukurasa ule tena na tena. Haujibu.

Na nikahi yangu ni Ijumaa hii.

Nampenda Saidi. Niseme wazi, hapa hakuna anayenisoma. Ananichekesha, nami namchekesha zaidi. Ila juzi alipokuja kutoka Mikindani aliniambia, "Ukishaolewa utatulia, mwalimu." Nilicheka naye, lakini neno lile halijanitoka. Nikinyamaza Ijumaa, nani atajua nimekubali lipi, kuolewa au kutulia?

Nimemuuliza bibi kama mwali anaruhusiwa kujibu kwa sauti.

"Anaruhusiwa. Watu watashangaa, basi."

"Wewe ulijibu?"

Akaweka kisu chini. "Mimi nilikuwa nalia, sauti haikutoka. Wakapiga vigelegele."

Miaka yote hii namtania kuhusu harusi yake, sikuwahi kumuuliza hilo. Nimeona aibu, na nimemhurumia. Yeye ameokota kisu chake, akaendelea na muhogo.

Yule msichana wa Ulaya nitamwandikia mstari wake mwenyewe, mwandishi anisamehe. Bado sijajua atasema nini. Wangu ninaujua. Nimesimama mbele ya kioo nikaujaribu: "Nimekubali kuolewa. Kutulia, bado." Umetoka kwa kunong'ona.

"Sikusikii!" bibi amepaza sauti kutoka uani.

Nimerudia.