Zero juu ya mbabula ya mama

Wivine, niko natoka kwa kambo Floribert, babu yangu. Nilimuonyesha bulletin ya masomo ya mutoto wangu, iko premier, wa kwanza mu classe! Kambo hakufurahi hata kidogo.

Ati mu 1954, mu secondaire, padri mwalimu aliwaambia: « Décrivez l'hiver », ni kusema baandike vile wakati wa baridi iko. Bote baliandika neige, ile barafu ya Bulaya, vile iko mu kitabu.

Yeye aliandika baridi ya kwetu mu commune Kenya, mwezi wa sita: mama yake anapuliza mbabula ya makala, majivu mu nywele.

Zero, Wivine. ZERO! Padri akapasula karatasi: « Hii haiko hiver. »

Kambo akashika neige yote mu kichwa. Mu examen akatoka premier.

Ule mwaka mama yake akakufa. Photo hata moja hakuna.

Akanirudishia bulletin: « Neige niko naijua mpaka leo. Uso wa mama, hapana. »