Mafuta ya Meli na Zulia la Kikao

Jumanne, saa tano asubuhi, jua kali, bahari shwari. Shoga, keti kwanza. Ni habari za wifi yako, mkaguzi wa bahari. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao cha wanasheria wa jimbo na wa taifa, nimeona yote.

Alfajiri alichota mafuta yaliyomwagwa na meli ile nyeusi, akaleta chupa kikaoni. Alihitaji sahihi ya mmoja wao ili meli izuiwe isiondoke.

Sahihi moja tu.

Mwanasheria wa jimbo akasema, "Maji yetu yanaishia maili tatu. Hayo mafuta yako nje, ni ya taifa."

Mwanasheria wa taifa akajibu, "Tatu kuanzia wapi, bwana? Maji yakijaa au yakipwa?"

Wakaagiza ramani. Wakaagiza rula. Wifi yako akasema, "Waheshimiwa, meli inang'oa nanga."

Wa jimbo akamwambia, "Subiri, dada. Tusiingilie mamlaka ya wenzetu."

Meli ikapita dirishani. Ikapiga honi. Naapa, ikapiga honi.

Alipogeuka kuitazama, kiwiko kikagonga chupa. Mafuta yakamwagika kwenye zulia.

Hapo ndipo mamlaka yalipopatikana.

"Jengo ni la taifa. Kesi ni yangu."

"Kiwanja ni cha jimbo. Ni yangu."

Waliokuwa wakitupiana meli kama kaa la moto, sasa wanamgombania wifi yako kama mpira wa kona.

Hadi sasa: wa jimbo anamwandikia hati ya kuchafua mazingira. Wa taifa anamwandikia ya pili. Meli imeshavuka maili tatu, popote utakapoanzia kupima. Wifi yako amepiga magoti, anakamua tambara ndani ya chupa ile ile.