Sentimita Mbili za Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 2 Juni
Kiatu cha kushoto kimechomoka tena, mara ya tatu leo, mbele ya abiria wa ndege ya Kinshasa. Nimebaki na soksi sakafuni, kadi zao za safari mkononi. Mfupa wa paja uliunga ukabaki mfupi baada ya ajali ya pikipiki, na soli ya ndani niliyopewa kwenye kituo cha viungo bandia inanyanyua kisigino hadi kinatoka nje. Mgongo unawaka moto.

Jumanne, 3 Juni
Nimerudi kituoni. Fundi hakuinuka hata kitini.
"Mama, utazoea."
Wiki tatu nazoea! Alinipima nikiwa nimelala, akaandika sentimita mbili, akanikatia mpira wa sentimita mbili. Basi. Hakuuliza ninavaa kiatu gani. Hakuuliza kazi yangu ni ya kusimama au ya kukaa. Ningemtupia ule mpira usoni.

Jumatano, 4 Juni
Chef, mkuu wetu wa kazi, amenihamishia chumba cha mizigo. Eti huko nyuma nitapumzika. Mwongo. Anaona aibu abiria wanione nikichechemea. Miaka tisa kwenye kaunta ile! Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeenda mtaa wa Makiso, kwa Papa Lokwa, mshona viatu. Amenisimamisha pekupeku, akapanga vipande vya ubao chini ya mguu wa kushoto, kimoja kimoja, huku akitazama kiuno. Kwa sentimita mbili kiuno kilikaa sawa, lakini mgongo ukakataa. Kwa moja, nikapumua.
"Mwili yako ilizoea kupinda," akasema. "Donc tuanze na moja. Ingine tutaongeza pole pole."
Nusu sentimita ataiweka ndani, nusu ataibandika chini ya soli. Viatu vyangu vya kazi amevikataa: vifupi kwa nyuma, havina nafasi ya kisigino. Anataka vya kamba. Nikamfokea, kana kwamba yeye ndiye aliyenivunja mguu. Akaningoja nimalize.

Jumatatu, 9 Juni
Viatu vya kamba, vyeusi, Papa Lokwa ameshabandika soli. Sikwenda kwenye mizigo. Nimesimama kaunta.
"Nani alikuruhusu?" Chef akauliza. "Na hii viatu iko ya wanaume."
"Chef, mguu yangu ilivunjika siku ulinituma Makiso na mvua ile. Ulinituma wewe. Leo nitasimama hapa."
Abiria wote walisikia. Sijuti. Akageuka, akaenda zake.

Alhamisi, 12 Juni
Ndege ya asubuhi ilichelewa. Nimesimama muda mrefu. Goti linauma kidogo, mgongo umetulia. Chef amepita, ameniwekea orodha ya abiria. Bado nina hasira naye. Sidhani itaisha.
Jioni nimeshuka kwenye pikipiki sokoni Tshopo, nikanunua kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, nikatembea hadi nyumbani. Sikuwa nimefanya hivyo tangu ajali. Nilitembea polepole. Kiatu hakikutoka.