Biriani ya Hongera

Jumapili, baada ya Isha

Hata harufu ya hiliki siitaki. Tangu nimalize mbio za leo, Mbweni mpaka Forodhani, tumbo limegoma. Maji yenyewe nayameza kwa kujilazimisha.

Mavyaa, mama wa mume wangu, kanipikia biriani ya kuku kunipongeza. Nilipoiona samli inaelea juu ya mapaja yale, nikaziba mdomo, nikakimbilia chooni.

Kutoka, namkuta anatabasamu. "Mwanangu, hizo si mbio. Tangu lini?"

"Mama, ni jua tu. Kila nikikimbia huwa hivi."

Wapi! Alasiri jirani, Bi Mwanaisha, kaja na embe mbichi na chumvi. Kanipapasa tumbo bila ya kuniuliza, na mikono inanuka dagaa. Kinyaa kilichonishika! Tumbo langu sasa la mtaa mzima.

Mwili wangu naujua. Hamna kitu, kama miaka yote minne ya ndoa hii ilivyokuwa hamna.

Na sasa, nikiwa naandika haya, njaa imerudi ghafla, inanikata. Biriani ipo jikoni. Lakini mlangoni pa jikoni Mavyaa kakaa juu ya msala wake wa kuswalia, analia, anamshukuru Mungu.