Taimingi ya Bi Mkubwa

Jumanne, 4 Machi

Leo tumemfungua Bi Mkubwa. Pikipiki ya Mjomba — imenizidi umri, lakini ukiipangusa vizuri bado inaringa. Mjomba ndiye fundi. Mimi naendesha, kwa kuwa ni mwepesi na, kwa maneno yake, sina akili ya kuogopa.

Mchana nashona, jioni nakuja gereji, na naona kazi ni ileile. Kwenye cherehani, sindano na ndoano ya chini zisipokutana kwa wakati, uzi unaruka. Hapa kamshafti ndiyo inayofungua valvu, milango midogo ya hewa ya injini. Ukiisogeza kidogo tu, injini inavuta pumzi ndefu na pikipiki inaruka. Ukikosea, valvu inagonga pistoni, na injini kwisha habari yake.

Mjomba kasema, huku anakoroga chai: Jumapili tukishindwa kwenye mbio, anamuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Amechoka kuchekwa na vijana. Nilidhani anatania. Hatanii.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshona kola ndani nje. Mteja kaniuliza niko wapi. Niko mwisho wa barabara, dada yangu, upepo umejaa kwenye shati na nyuma yangu hakuna mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Mgongo umemkamata Mjomba, kalala. Nimepima peke yangu. Duara la kadibodi lenye digrii kwenye ncha ya mhimili wa injini, waya wa kuonyeshea alama, udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni. Unazungusha kwa spana taratibu, valvu inashuka, inabonyeza udongo. Unaukata uone umebaki unene gani. Ulibaki wa kutosha — nafasi ya kusogeza kidogo ipo!

Nikazungusha hadi alama mpya. Nikapitiliza, nilikuwa nawaza yangu. Nikairudisha nyuma kidogo, ikakaa sawasawa, nikafunga nati.

Mvua juu ya bati, harufu ya oili. Ningeweza kuhamia humu na kitanda changu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemjaribu kwenye barabara ya nyuma ya maghala. Fupi, huwezi kumwachia mpaka mwisho. Lakini sauti yake! Laini, nzito, kama mtu anayeimba akifua. Mjomba kacheka mpaka kashika ukuta. Tangu mkewe afariki sijamwona akicheka hivyo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikapitiliza mlango wetu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimekaa juu ya tairi, nyuma ya uwanja wa mbio. Mnunuzi wa vyuma kaja na pikapu yake, anakula karanga, hana haraka.

Mjomba alikuwa anamweleza kijana mmoja, tutakayeshindana naye, kwa moyo mweupe kabisa. Injini za namna hii unazungusha upande wake wa kwenda tu. Ukirudisha nyuma, cheni inayozungusha kamshafti inalegea, kipimo chote kinakuwa uongo.

Nilirudisha. Valvu zangu sijui zinafungukia wapi.

Hakuna anayejua ila mimi. Nikinyamaza, labda tunashinda. Labda pistoni inagongwa mwisho wa barabara, mwendo wote, nami nimekaa juu. Naogopa. Kumbe akili hiyo ninayo.

Nikamwita pembeni.

"Mjomba, Alhamisi niliirudisha nyuma."

Nilingoja anifokee.

"Ukafunga hapohapo?"

"Nikafunga."

Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Sasa amepiga magoti vumbini na mgongo wake ule, anafungua kifuniko mbele ya watu wote. Vijana wametuzunguka, wengine wanarekodi kwa simu. Mwenye pikapu ameshusha ubao wa nyuma.

Namba yetu imeitwa mara ya pili. Mjomba hainui kichwa. Ananinyooshea spana: njoo mama, zungusha wewe, mimi nitatazama alama.